Mjomba anashikilia kwamba Obama alizaliwa Mombasa. Nimjibu vipi?

"Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mombasa. Mwanangu wa kidato cha pili aliandika kwenye insha ya historia kwamba Barack Obama alizaliwa katika Hospitali Kuu ya Pwani akapelekwa Marekani akiwa mchanga. Mwalimu akamkata alama. Habari hiyo kaipata kwa mjomba wangu, ambaye anaisema tangu 2008. Ana picha ya cheti cha kuzaliwa kwenye simu, na ana sauti ya bibi yake Obama akikubali kwamba alikuwepo mtoto alipozaliwa. Nilipomwambia si kweli alichukia, akavituma vyote tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuandika chini yake: lisemwalo lipo. Sasa mimi mwenyewe nina shaka. Mbona Wamarekani walichukua karibu miaka mitatu kutoa cheti kamili? Na yule waziri wetu aliyesema bungeni kwamba alizaliwa Kenya, naye alidanganya? Nataka jibu la kumpa mwanangu, na nataka kumjibu mjomba bila kumvunjia heshima."

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe ili mwanao asingoje. Mwalimu yuko sahihi. Barack Obama alizaliwa Honolulu, katika jimbo la Hawaii, tarehe 4 Agosti 1961, saa moja na dakika 24 jioni, katika hospitali ya uzazi ya Kapiolani. Mama yake, Ann Dunham, alikuwa na miaka 18. Baba yake alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Aliondoka Kenya 1959 na hakurudi kuishi huku mpaka 1964. Na kwa wanaosema Hawaii haikuwa Marekani wakati ule: ilikuwa jimbo kamili tangu Agosti 1959.

Lakini hukuniuliza hilo tu. Umeuliza kuhusu cheti, sauti, kuchelewa, na waziri. Nitavichukua kimoja kimoja, na cheti nitakaa nacho zaidi, kwa sababu kuhakiki nyaraka za zamani ndiyo kazi yangu na kwa sababu kwenye cheti hicho mjomba anaweza kujionea mwenyewe, bila mimi wala wewe kumwambia.

Picha iliyosambaa sana ilitokea Agosti 2009. Kama ndiyo aliyo nayo, juu imeandikwa kwamba imetolewa na Jamhuri ya Kenya, na tarehe ya kutolewa ni 17 Februari 1964. Mwombe aisome tarehe hiyo kwa sauti. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, lakini kwa mwaka mzima uliofuata mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia Elizabeth, akiwakilishwa Nairobi na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, na Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Jamhuri ilitangazwa 12 Desemba 1964. Mwezi wa Februari mwaka huo hapakuwa na Jamhuri ya Kenya ya kumpa mtu cheti, maana ilikuwa imebaki miezi kumi izaliwe.

Kama mjomba ni mtu wa Pwani, hapa atajua mengi kuliko mimi. Mwaka 1961 Mombasa ilikuwa ndani ya ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Waingereza kwa makubaliano naye, na bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Mwaka huohuo Sir James Robertson aliletwa kuchunguza hatima ya ukanda huo, na siasa za Mwambao, za waliotaka Pwani ijitawale, zilipamba moto hadi Zanzibar ilipouachia Oktoba 1963. Sasa mfikirie karani wa usajili wa Mombasa, Februari 1964. Miezi michache nyuma alikuwa akifanya kazi chini ya bendera ya Sultani. Mtu huyo angejua vizuri kuliko wengi ni serikali gani inayomlipa mshahara, na asingeipa jina ambalo halijawahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya ofisi yake.

La mwisho kuhusu karatasi hiyo. Muda mfupi baada ya kusambaa ilipatikana karatasi iliyofanana nayo mno: cheti cha mtu aliyezaliwa Australia Kusini mwaka 1959. Mpangilio ni uleule, namba ya kitabu ni ileile, namba ya ukurasa ni ileile. Hata majina ya wasajili yanakaribiana. Vyeti viwili vya nchi mbili haviwezi kutoka kitabu kimoja na ukurasa mmoja. Mtu alichukua cha Australia akakijaza upya.

Cheti, dada yangu, ni nakala tu ya kilichoandikwa kwenye daftari la usajili, na nguvu yake yote inatoka huko. Ndiyo maana mimi nikiletewa cheti chenye utata sianzi na mihuri wala maandishi ya mkono. Nauliza: siku zile, kabla hakuna aliyejua kwamba jambo hili litakuja kubishaniwa, nani mwingine aliliandika? Mtu wa kughushi leo anaweza kutengeneza karatasi ya leo. Hawezi kurudi nyuma akaingia ofisi kadhaa tofauti akapanda habari moja katika zote.

Kwa Obama, maandishi hayo yapo. Uzazi ulisajiliwa Honolulu 8 Agosti 1961, siku nne baada ya mtoto kuzaliwa. Tarehe 13 gazeti la Honolulu Advertiser likachapisha kwamba Bwana na Bibi Barack H. Obama wamepata mtoto wa kiume tarehe 4. Kesho yake Honolulu Star-Bulletin likachapisha hivyo hivyo. Matangazo hayo hayakupelekwa na babu wala bibi. Magazeti yalikuwa yakipokea orodha za vizazi kutoka Idara ya Afya. Juu ya hayo, faili la uhamiaji la baba mtu, ambalo maofisa walikuwa wakilijaza kwa sababu zao wenyewe za kumfuatilia mwanafunzi wa kigeni, lina maandishi ya mwisho wa mwezi huohuo yanayomtaja mtoto aliyezaliwa Honolulu. Magazeti hayo yapo kwenye filamu katika maktaba za Hawaii hadi leo.

Sasa geuza upande wa pili. Ili mtoto azaliwe Mombasa, msichana wa miaka 18 mwenye mimba pevu angelazimika kuacha nyumba ya wazazi wake, avuke nusu ya dunia kwa ndege za wakati ule, aje mji asikomjua mtu, huku mumewe amebaki Honolulu akisoma. Angekuja kwa nani? Ukoo wa mume ulikuwa Nyanza, upande mwingine kabisa wa nchi. Swali hili nimewauliza wengi wanaoshikilia habari ya Mombasa, na sijapata aliyelijibu. Kwa kawaida wanarudi kwenye ile sauti.

Basi tuje kwenye sauti. Oktoba 2008 mhubiri mmoja kutoka Marekani alimpigia simu Mama Sarah Obama, yule bibi, kijijini Kogelo, kupitia mkalimani. Aliuliza kama alikuwepo mjukuu wake alipozaliwa Kenya, na mkalimani akajibu kwamba ndiyo, alikuwepo. Hapo ndipo kipande cha mjomba kinapokatika. Mazungumzo yenyewe yaliendelea. Mhubiri alipofafanua kwamba anataka kuja kupaona mahali penyewe, watu waliokuwa pale wakashtuka na kumsahihisha mara kwa mara: hakuzaliwa Mombasa, kazaliwa Marekani, Hawaii, kule baba yake alikokuwa akisoma. Mama Sarah, aliyefariki Machi 2021, alikuwa mke wa tatu wa babu yake Obama, na hakuwa amekanyaga Hawaii 1961. Mtu yeyote aliyewahi kuwatafsiria wazee kwenye simu yenye mwangwi anajua swali refu la kigeni linavyoweza kufika limepinda. Kupinda kwa swali si dhambi ya mtu. Kilichofanywa kwa makusudi ni kukata sauti kabla ya sahihisho. Mtafutie mjomba rekodi nzima aisikilize mpaka mwisho, msikilize pamoja.

Kuhusu kuchelewa, dhana yako inaeleweka lakini mpangilio wa matukio haukuwa hivyo. Cheti kilitolewa Juni 2008, kabla ya uchaguzi. Kilikuwa kile kifupi, ambacho Hawaii humpa mzaliwa wake yeyote anayeomba na ambacho kinatosha kuombea pasipoti. Mkuu wa Idara ya Afya ya Hawaii, Dkt. Chiyome Fukino, alitangaza mwishoni mwa Oktoba mwaka huo kwamba ameiona kumbukumbu ya awali yenyewe. Huyu alikuwa akitumikia serikali ya Gavana Linda Lingle wa chama cha Republican, wapinzani wa Obama. Hakuwa na sababu ya kumbeba. Waliokuwa na shaka wakasema kifupi hakitoshi, wanataka kile kirefu kilichofungwa kwenye kitabu. Hawaii ilikuwa imeacha kutoa nakala hizo, kwa hiyo Obama aliomba ruhusa maalumu, na kikatolewa 27 Aprili 2011, baada ya Donald Trump kulishikia bango jambo hilo kwenye televisheni. Mara moja wakaanza kusema faili la kompyuta lina matabaka, kwa hiyo limeunganishwa. Matabaka hayo ni kazi ya programu ya kuskani inayotenganisha maandishi na usuli ili faili lisiwe zito. Trump mwenyewe alikiri Septemba 2016 kwamba Obama alizaliwa Marekani.

Sasa waziri. Hapa inabidi tujitazame sisi.

Ni kweli, Machi 2010 waziri mmoja alisema bungeni Nairobi maneno ya kumtaja Obama kama kijana aliyezaliwa hapa Kenya. Alikuwa akihubiri dhidi ya ukabila, akiishangaa nchi iliyoweza kumchagua mtu wa asili ya mbali. Hakuwa akitoa ushahidi wa uzazi. Miaka sita kabla yake, Juni 2004, gazeti moja la Nairobi lilichukua habari ya shirika la kigeni kuhusu kinyang'anyiro cha useneta wa Illinois, likaweka kichwa kinachomwita Obama mzaliwa wa Kenya. Na mjomba akichimba zaidi atakuta kijitabu cha wakala wa waandishi cha 1991 huko Marekani kinachosema hivyo hivyo. Mhariri wake alijitokeza baadaye akasema kosa lilikuwa lake. Maneno yote matatu yapo na siwezi kukwambia hayapo. Lakini hakuna hata mmoja kati ya walioyaandika au kuyasema aliyekuwa ameona daftari, au aliyedai kuliona.

Kwetu, mtu ni wa kwao baba. Ukimuuliza Mkenya aliyezaliwa Pumwani, Nairobi, nyumbani ni wapi, atakutajia kijiji ambacho pengine hulala siku tano kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Obama mkubwa amezikwa Kogelo. Kwa hesabu yetu mwanawe ni wa Kogelo, na hakuna anayehitaji cheti kulisema hilo. Rais Kibaki aliitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu ya taifa kwa ajili ya uchaguzi wa nchi nyingine! Katika furaha hiyo, nani angekaa kutenganisha asili na mahali pa kuzaliwa? Kauli za fahari kutoka huku zilivuka bahari na kufika mikononi mwa watu waliokuwa wakitafuta namna ya kumwondoa mtu yuleyule tuliyekuwa tukijivunia. Mjomba wako, kwa nilivyoelewa barua yako, anajivunia. Anaowasaidia kusambaza picha hizo wanataka kinyume chake, na sidhani kama amewahi kulifikiria hilo.

Kule, mahali pa kuzaliwa ni sharti la sheria. Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa. Aliyezaliwa ndani ya nchi, jambo limekwisha. Aliyezaliwa nje, ilitegemea sheria ya wakati wake, na sheria ya 1961 ilidai kwamba mzazi mmoja aliye raia awe ameishi Marekani miaka kumi, mitano kati yake baada ya kutimiza miaka 14. Ann Dunham alizaliwa 29 Novemba 1942. Fanya hesabu: mwanawe alipozaliwa alikuwa hajatimiza 19, kwa hiyo miaka mitano baada ya 14 ilikuwa na pengo la karibu miezi minne. Watunga uzushi waliijua hesabu hii, na ndiyo maana ilibidi mtoto ahamishwe kwenda Mombasa.

Mwanao anaweza kunufaika na tofauti ya kwetu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 14, inamfanya mtu raia wa kuzaliwa kama mama au baba yake ni raia siku anapozaliwa, awe kazaliwa Kenya au kwingineko. Na kuna chembe ya ukweli ambayo ningempa mjomba kama zawadi: Obama aliwahi kuwa na uraia wa Kenya. Aliupata kupitia baba yake nchi ilipopata uhuru, akiwa mtoto wa miaka miwili, na ukamtoka kwa mujibu wa sheria ya zamani alipotimiza miaka 23, Agosti 1984, kwa kuwa hakuuchagua. Yote hayo bila kuzaliwa Mombasa.

Silaha hii si ya Marekani peke yake, wala haikuanza na Obama. Mwaka 1880 mwanasheria mmoja alimwandama Chester Arthur, mgombea umakamu wa rais wa Marekani, akidai kwanza kazaliwa Ireland, kisha Kanada. Kwetu Afrika imeuma zaidi. Kenneth Kaunda, aliyezaliwa Chinsali na kuitawala Zambia miaka 27, alitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 1999 kwamba hana uraia kwa sababu wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Uamuzi huo ulitenguliwa baadaye. Alassane Ouattara wa Ivory Coast aliandamwa miaka na madai kwamba ni mtu wa Burkina Faso, na nchi ikaishia vitani. Joseph Kabila, aliyekulia Tanzania, alitawala Kongo na minong'ono hiyo ikimfuata. Halafu linganisha na Ted Cruz, aliyegombea urais wa Marekani 2016: yeye kazaliwa Calgary, Kanada, na hafichi. Kelele kumhusu zilikuwa ndogo na zikapita. Kwa maoni yangu tofauti ni jina na rangi, na sioni haja ya kulizungukazunguka.

Lisemwalo lipo, anasema mjomba. Watafiti wa Marekani walionyesha tangu 1977 kwamba sentensi ikirudiwa watu huanza kuiona ya kweli, hata kama ni ya uongo, kwa sababu tu masikio yameizoea. Mjomba ameisikia, na ameisema, tangu 2008. Ushahidi husaidia, ila si kwa wote: kura za maoni za Gallup kabla ya cheti kirefu kutolewa zilikuta Wamarekani asilimia 24 wakidhani Obama alizaliwa nchi nyingine; baada ya kutolewa walikuwa 13. Karibu nusu waligeuka. Waliobaki walikuwa wameshaliona kila kitu.

Sasa utafanyaje? Kumjibu kwenye kundi kuna faida moja: vijana wengine wa ukoo wataona. Hasara ni kwamba unamvua nguo mzee mbele ya watoto wa dada zake, na hapo hata angekubali moyoni hawezi kukubali kwa mdomo. Kunyamaza kabisa kunamwachia mwanao utata. Mimi ningefanya hivi: kwenye kundi uandike mstari mmoja wa heshima, kwamba mmeshalichunguza na mwalimu yuko sahihi, usirudie madai wala kuambatisha picha tena. Kisha uende kwake, shikamoo yako mbele, peke yako au na mtu wa rika lake anayemwamini. Usianze na Obama. Mwulize yeye alikuwa wapi siku ya Jamhuri 1964, au wazee wake walikuwa wapi, na Mombasa ilikuwaje wakati wa Mwambao. Hayo anayajua na atafurahi kuulizwa. Tarehe kwenye cheti itajitokeza yenyewe mezani. Asipokubali siku hiyo, usimkabe. Aliyeshikilia jambo miaka yote hii huhitaji muda wa kuliacha faraghani.

Mwanao umwambie kwamba alikosea chanzo, akili yake haina tatizo, na kama mwalimu ataruhusu aiandike insha upya kuhusu cheti chenyewe cha bandia. Ingekuwa insha nzuri kuliko ya kwanza.

Kitu kimoja kingenitia wasiwasi zaidi: kama mjomba ameanza kutuma pesa kwa watu wanaodai kukusanya ushahidi, au amegombana na nusu ya ukoo na halali usiku kwa ajili ya video hizi. Hapo jambo si Obama tena. Washirikishe wazee wenzake, imamu au mchungaji wake, na kama pesa zimekwenda, piga ripoti polisi mkiwa na risiti za M-Pesa.

Na kama baada ya yote bado anasema karatasi ni halisi, msibishane. Iandikeni namba ya kitabu na ya ukurasa, mwende wote wawili ofisi ya usajili wa vizazi na vifo hapohapo Mombasa, mkamuulize ofisa kama namba za vitabu vyao vya 1961 ziliandikwa hivyo. Nendeni asubuhi mapema, foleni huwa ndefu.